Limau, Msalaba wa Shaba na Mkufu wa Nkambo

Nyumbani kwa nkambo, yaani bibi yangu, mtaa wa Katuba, Lubumbashi, msalaba wa shaba ulisafishwa kwa limau. Nusu ya limau, chumvi ya jikoni juu yake, na mkono usiochoka kusugua. Sisemi msalaba wa kanisani. Ni ule wa kale wa Katanga, wenye mikono minne kama herufi X, ambao mababu zetu waliumimina kwenye kalibu na kuutumia kama mali: kununulia chakula, kutolea mahari. Ulitujia kwa upande wa mume wake, na kila mwaka kabla ya Pasaka aliushusha ukutani, akauweka mapajani juu ya gazeti, akaanza kazi. Weusi ulitoka pamoja na maji ya limau, na chini yake shaba ikajitokeza nyekundu, mpya, kana kwamba imetoka kwenye moto jana. Kisha aliusuuza haraka kwa maji mengi na kuukausha. Haraka hiyo ilikuwa sehemu ya kazi, ingawa mimi nilidhani ni papara tu.

Nilikuwa na miaka 11. Nkambo alikuwa na mkufu wa malakiti, shanga za kijani zenye miviringo ndani yake kama mti uliokatwa. Kila mkazi wa Lubumbashi anaijua malakiti, kwa sababu wachongaji wetu huiuza mjini kwa umbo la tembo, kinyago, yai, hereni. Nami nilikuwa nimesikia kwamba jiwe hilo ni shaba ambayo bado haijawa shaba. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: kama limau linaifurahisha shaba, litaifurahisha na malakiti. Nikakamua malimau mawili kwenye bakuli, nikautumbukiza mkufu.

Vipovu vidogo sana vilitokea kwenye kila shanga. Vilishikilia pale kama umande, kimoja kikaachia na kupanda, kingine kikazaliwa mahali pake. Niliona uchafu unatoka. Nikaenda zangu kucheza mpira.

Niliporudi jua lilikuwa linazama. Maji kwenye bakuli yalikuwa na rangi ya kijani inayoelekea bluu, na shanga zilikuwa zimepauka kama chaki. Miviringo ilionekana kwa shida. Nkambo alichukua shanga moja, akaisugua kwenye kikwembe chake, akaigeuza, akaisugua tena. Haikung'aa. Hakunipiga. Alisema tu, "Limau iko na meno, mutoto wangu."

Siku hizi ninafundisha kemia hapa hapa mjini, na kila mwaka nikifika kwenye somo la asidi, nairudia ile jioni. Limau moja, nyumba moja, vitu viwili vyenye shaba ndani yake: kimoja kikatoka kimependeza, kingine kikaharibika. Mtu akielewa kwa nini, ameelewa sehemu kubwa ya somo.

Asidi, kwa maana ya kila siku darasani, ni kitu chenye protoni ya kutoa. Protoni hiyo ni hidrojeni iliyonyang'anywa elektroni yake. Sasa, kabonati, jamii ambamo malakiti imo, na metali zinaipokea kwa njia mbili tofauti kabisa, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, maana vitabu huziweka kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine, kana kwamba ni ndugu.

Kabonati inaitaka protoni yenyewe. Ikipokea mbili inakuwa asidi ya kaboniki, na hiyo haidumu: inavunjika kuwa maji na hewa ya ukaa. Ndiyo vipovu vyangu vya bakulini. Ili mchezo huo uende, kinachohitajika ni asidi iliyo tayari kutoa protoni kuliko asidi ya kaboniki ilivyo tayari. Na asidi ya kaboniki ni bahili kweli kweli. Asidi ya sitriki ya limau inaishinda, asidi ya asetiki ya siki inaishinda, hata maziwa yaliyochacha yanaishinda. Kwa hiyo malakiti, ambayo ni kabonati ya shaba iliyochanganyika na hidroksidi, haikuhitaji asidi ya kiwandani. Jikoni palitosha.

Metali haitaki protoni. Ni protoni inayotaka kitu kutoka kwa metali: elektroni. Ikiipata inakuwa hidrojeni na kuondoka kama gesi. Magnesi hutoa elektroni zake bila kubembelezwa, zinki nayo hutoa, chuma hutoa polepole zaidi. Shaba haitoi. Katika foleni ya metali, shaba iko nyuma ya hidrojeni, pamoja na fedha na dhahabu. Ndiyo maana limau la nkambo liliuondoa weusi tu, ambao ni oksidi na hupokea protoni kama kabonati, pamoja na ule ukungu wa kijani wa kwenye pembe, ambao ni binamu wa malakiti, likafika kwenye shaba yenyewe na kukosa pa kushika. Hata asidi ya betri iliyozimuliwa isingeutafuna msalaba ule. Ungelala humo usiku kucha na asubuhi ukatoka karibu na uzito ule ule.

Nasema karibu, kwa sababu hewa haikai nje ya mambo haya. Oksijeni ikiwepo, shaba huanza kuliwa kidogo kidogo hata na siki, na hapo ndipo haraka ya nkambo ilipokuwa na maana. Ndiyo sababu pia si vizuri kupika vitu vichachu kwenye chombo cha shaba tupu. Asidi ya nitriki nayo ina kesi yake: huila shaba kwa kelele na moshi wa rangi ya kahawia wenye sumu, lakini anayefanya kazi hiyo ni ile nitrati, ambayo hupokonya elektroni kwa nguvu ambayo protoni haina. Gesi inayotoka si hidrojeni.

Mpaka hapo sijataja nguvu ya asidi kwa maana yake halisi. Nimechelewesha makusudi.

Shule yetu inafundisha kwa Kifaransa, lakini maswali ya kweli huja kwa Kiswahili, mara nyingi mlangoni, wakati wengine wameshatoka. Mwaka mmoja msichana aliyekaa nyuma siku zote alinisubiri akauliza: "Mwalimu, asidi dhaifu si ni ile banatia mayi mingi?" Nilifurahi mno kusikia swali hilo, kwa sababu nusu ya darasa walikuwa wanaliamini hivyo hivyo bila kuuliza.

Asidi iliyotiwa maji mengi imezimuliwa. Asidi dhaifu ni tabia, haitegemei maji. Unaweza kuwa na asidi kali iliyozimuliwa sana, tone moja katika ndoo, na unaweza kuwa na asidi dhaifu iliyokolea inayochoma ngozi. Asidi ya asetiki tupu, isiyo na maji, inaunguza vibaya, na bado inaitwa dhaifu. Neno lenyewe linapoteza watu. Ningekuwa na mamlaka ningeiita asidi ya mkono mzito.

Msichana yule nilimweleza hivi. Kuna mtu ambaye siku ya mshahara anaimwaga pesa yote mezani. Na kuna mama ambaye pesa yake iko kwenye fundo la kikwembe, anafungua, anatoa noti moja, anafunga tena. Ukiwatazama dakika moja utasema wa kwanza ni tajiri na wa pili hana kitu. Lakini inawezekana wana kiasi kile kile. Asidi ya salfuriki na ya hidrokloriki zinamwaga mezani: katika maji karibu kila molekuli imeshaachia protoni. Katika siki ya kawaida, yenye asetiki ya asilimia 6 hivi, kwa kila molekuli 1,000 zilizoachia kwa wakati wowote ni kama 4 tu. Zilizobaki zimefunga fundo. Na cha ajabu ni kwamba ukiizimua siki mara kumi, idadi inapanda hadi kama 13 kwa kila 1,000. Maji hayaongezi udhaifu. Yanalegeza fundo, ingawa jumla ya asidi katika kila kikombe imepungua.

Alisikiliza, akasema anataka kuona. Haki yake.

Wiki iliyofuata nilileta siki, bikarbonati ya kupikia, na asidi kidogo kutoka kwa fundi wa betri. Asidi ya betri ina asidi ya salfuriki kama theluthi moja ya uzito wake, na kwa kuwa kila molekuli ina protoni mbili, nilipiga hesabu kwamba mililita 10 zake zingelingana na mililita 90 hivi za siki yangu. Nilivaa miwani na glavu. Nilianza na mililita 80 za maji, nikaimimina asidi ndani yake taratibu, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa sababu joto linalotoka linaweza kurusha mchanganyiko usoni. Glasi ilipata joto mkononi. Tukaiacha ipoe.

Kwanza zinki, vipande viwili nilivyovikata kutoka kwenye kopo la betri kuukuu ya tochi na kuvisafisha. Katika asidi ya betri vipovu vilipanda kama soda iliyofunguliwa. Katika siki ilibidi wanafunzi wasogee: kipovu kimoja kwenye ukingo, kingine, kimya. Darasa zima lilisema siki haina nguvu. Niliwaambia wayaandike maneno hayo.

Kisha tukachukua vipimo vipya vya asidi zote mbili, ujazo ule ule, na kutia bikarbonati kwa kifuniko cha kalamu. Kifuniko kimoja, subiri povu lishuke, kingine. Msichana yule alihesabu kwa sauti upande wa siki, mvulana mmoja akahesabu upande wa betri. Wa betri alimaliza kwa vifuniko 15, povu likawa halitoki tena. Wa siki alifika 10, 12, na darasa likaanza kunyamaza. Alimaliza kwa 14.

Sikuongeza neno. Walirudi wenyewe kwenye sentensi waliyoiandika na kuikata kwa mstari. Siki ilikuwa na protoni zile zile. Kila bikarbonati ilipomeza zile chache zilizo huru, fundo lilifunguka na nyingine zikatoka, mpaka zikaisha zote. Mwendo wa vipovu vya zinki ulituonyesha ni protoni ngapi ziko mezani sasa hivi. Hesabu ya vifuniko ilituonyesha ni ngapi ziko nyumbani. Ni maswali mawili, na nadhani anayeyachanganya hataielewa kemia ya asidi hata akariri kitabu kizima.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la marumaru. Niliomba vipande vidogo kwa watu wanaokata mawe ya makaburi. Kipande kimoja kwenye asidi ya betri iliyozimuliwa, kimoja kwenye siki. Uliza darasa lolote nani atakula jiwe kwanza, na kila mkono utaelekea kwenye betri. Ni kweli inaanza kwa fujo. Baada ya muda fujo inapoa, vipovu vinakuwa haba, halafu karibu vinakoma, na jiwe bado lipo, limevaa ngozi nyeupe. Ngozi hiyo ni jasi, salfeti ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Asidi imejijengea ukuta na kujifungia nje. Siki huku inaendelea na kazi yake ya pole, kwa sababu asetati ya kalsiamu inayeyuka na kuondoka, na jiwe linabaki wazi. Kesho yake asubuhi siki bado inatoa vipovu.

Risasi hufanya mambo hayo hayo ndani ya betri: kiko chombo kimejaa asidi kali, na bamba za risasi zinakaa humo miaka, zikilindwa na salfeti yao wenyewe. Alumini ya sufuria zetu inajilinda kwa oksidi. Ukipika nyanya nyingi au kitu cha limau, utaona ndani ya sufuria pamekuwa peupe na kung'aa. Watu hufurahi, lakini kilichotokea ni kwamba asidi dhaifu imeondoa lile koti, na alumini kidogo imeingia kwenye mboga.

Haya yote yasingekuwa na uzito mkubwa kama tungekuwa tunaishi mji mwingine. Sisi tunaishi juu ya kabonati na kwa msaada wa asidi. Lubumbashi ilianza na moto: tanuru lake lilimimina shaba ya kwanza mwaka 1911. Lakini tangu kiwanda cha Shituru, Likasi, kilipoanza kazi mwaka 1929, sehemu kubwa ya shaba ya Katanga imepita kwenye asidi, na malori ya matangi unayokutana nayo kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanabeba asidi ya salfuriki inayoelekea migodini. Wanachofanya huko ni kile nilichokifanya na mkufu wa nkambo, kwa tani. Malakiti iliyosagwa inatiwa asidi, hewa ya ukaa inatoka, maji yanageuka bluu ya salfeti ya shaba. Halafu umeme unapitishwa, na shaba inajishika kwenye bamba, safi karibu asilimia 99.99.

Kuna hesabu moja hapa ambayo, nilipoipiga mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, niliirudia mara tatu kwa kutoamini. Kupata kilo moja ya shaba kutoka kwenye malakiti kunahitaji kilo 1.54 za asidi ya salfuriki. Na umeme unapoitoa kilo hiyo ya shaba kwenye maji, unairudisha asidi: kilo 1.54 zile zile. Malakiti haili asidi ya mtu. Inaiazima.

Anayeila ni dolomiti, jiwe la kijivu lisilo na thamani ambalo linaishi pamoja na madini yetu. Ni kabonati ya kalsiamu na magnesi, na kilo moja yake hunywa zaidi kidogo ya kilo moja ya asidi bila kurudisha tone, kisha hutema jasi inayoziba mabomba. Karibu na uso wa ardhi, mvua ya miaka isiyohesabika imeshaichukua, kwa kutumia asidi dhaifu kuliko zote nilizotaja, ile ya kaboniki. Kadiri unavyochimba chini dolomiti inaongezeka, na gharama ya asidi nayo. Mtu akisikia mgodi umeacha madini ambayo shaba bado imo, asishangae. Inawezekana jiwe lililobaki linakunywa zaidi ya linavyolipa.

Na lori likipinduka, chokaa na dolomiti iliyosagwa ndivyo hutupwa barabarani kuizima asidi. Adui wa kiwandani anakuwa mwokozi wa barabarani. Kwa mwili wa mtu, lakini, usijaribu chokaa wala bikarbonati: vua nguo zilizolowa, maji, maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha daktari. Nimewarudishia wanafunzi wangu jambo hili mpaka wamechoka nami, na nitaendelea. Wengi wao wanakaa kando ya barabara zile.

Shanga za nkambo hazikurudi hali yake. Mchongaji mmoja alisema anaweza kuzisugua upya, lakini zingepungua, na nkambo alikataa. Aliendelea kuuvaa mkufu ule uliopauka, misibani na kwenye harusi.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa masomo nilimtembelea na kumwomba shanga moja, iliyokuwa imekatika. Niliivunja, nikaikamulia limau tena mbele yake, nikaeleza kila kipovu. Maji yalipogeuka rangi nilitumbukiza humo msumari mpya. Chuma ni mkarimu kuliko shaba: kinatoa elektroni zake, shaba inazichukua na kuketi mahali pake. Tulikunywa chai. Nilipoutoa ulikuwa mwekundu mpaka pale majimaji yalipoishia, wa kijivu juu yake.

Nkambo aliushika kwa vidole viwili, akauleta karibu na dirisha, akaunusa. Akauliza kama una nguvu ya kubeba msalaba. Nikamwambia ndani bado ni chuma, shaba ni ngozi tu.

"Basi upigilie pale," akasema, akanionyesha ukuta.